Mama wa Elburgon Aliyegoma Kupaka Mafuta

Saa moja kasorobo asubuhi, Elburgon. Baridi inashuka kutoka msitu wa Mau na kila anayepita barabarani amejikunyata ndani ya koti au blanketi. Kila uso unang'aa. Katika mji huu mafuta ya kujipaka si urembo, ni nguo. Mama hamruhusu mtoto atoke nje bila kumpaka usoni, shingoni na magotini, na mtu mzima anayetoka bila mafuta huulizwa kama kwake kuna msiba.

Lakini penye mfereji wa kiwanda kimoja cha vibao vya penseli, mwanamke mmoja anafanya kinyume kabisa. Anasugua uso kwa sabuni ya kufulia. Anausuuza kwa maji ambayo mwandishi huyu aliyagusa kwa kidole kimoja na kujuta. Kisha anajifuta kwa kitambaa cha pamba, kwa nguvu, mpaka mashavu yanapauka kama mtu aliyeanguka kwenye jivu.

"Sasa niko tayari," anasema Wariara, mama wa watoto wanne. Anachukua maski ya mpira mweusi yenye makopo mawili ya chujio pembeni, anaiweka juu ya pua na mdomo, anavuta mikanda kidogo tu, na kuingia ndani.

Kazi yake ni kusimama mbele ya msumeno wa mviringo na kuupitishia vipande vya mtarakwa, ule mti mwekundu wenye harufu nzuri, mpaka vitoke vibao vyembamba ambavyo husafirishwa kwenda kutengenezwa penseli ng'ambo. Mbao hizi zina harufu ya kupendeza kwa mgeni. Kwa anayezipasua kila siku, unga wake ni mwembamba kuliko unga wa ngano. Unaingia puani, machoni, mpaka kwenye uji. Sakafu ni nyekundu, kuta ni nyekundu, na mate ya wafanyakazi ni mekundu.

Katika kiwanda hiki wanaume ndio wanaopasua mbao. Wanawake hufagia na kuchambua vibao. Wariara ndiye mwanamke pekee aliyepewa msumeno, na mwezi wa tano mwaka huu wa 1974 nusura apokonywe. Aliambiwa avae maski kutwa nzima, kazi ikianza mpaka ikiisha, na kama hawezi kufikia mwisho wa mwezi, arudi kwenye fagio.

"Fagio nililishika miaka minne," anasema. "Nalijua sana. Sina haja nalo tena."

Huyu si mama wa kubembelezwa. Ukimwuliza swali ambalo halioni maana, anakutazama tu mpaka ulibadilishe. Alizaliwa katika kambi ya vibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Molo, akakua akichuma pareto na kuchimba viazi, na aliolewa na Hiram, ambaye hupakia mbao kwenye mabehewa ya gari moshi. Miaka michache baada ya uhuru shamba lile liliuzwa, vibarua wakatawanyika, nao wakahamia Elburgon. Mwaka wa 1966 akaandikwa kufagia maranda na unga wa mbao kiwandani.

Msumeno aliupata kwa ujeuri wake mwenyewe. Siku moja mwaka wa 1970 mpasuaji aliondoka katikati ya wiki bila kuaga, magogo yakarundikana, na mwenye kiwanda, Bwana Dhirajlal, akawa anazunguka uwanjani akishika kichwa. Wariara aliweka fagio ukutani, akasimama kwenye mashine na kuanza kupasua. Kwa muda wote wa kufagia alikuwa akitazama mikono ya yule bwana.

"Nyapara alinifokea nishuke," anakumbuka. "Nikamwambia, ngoja gogo hii iishe. Ikaisha, nikachukua ingine."

Nyapara huyo anaitwa Peterson, mtu mrefu mwenye sauti ya kushindana na mashine. Hafichi maoni yake. "Mimi sikumtaka pale, nasema wazi," alimwambia mwandishi huyu, huku Wariara akisikia. "Lakini nilipima vibao vyake. Vilikuwa sawa. Ningesema nini?"

Mshahara wa msumeno ni karibu mara mbili ya ule wa fagio. Ndio uliowaweka watoto wawili shuleni na kuezeka mabati juu ya nyumba iliyokuwa ikivuja. Kwa hiyo kifua kilipoanza kumbana, Wariara alinyamaza. Alikohoa ndani ya leso na kuendelea.

Mwaka wa tatu wa msumeno hakuweza tena kulala chali. Akilala, kifua kilipiga filimbi na pumzi ikakatika. Hiram alimjazia gunia maranda, akawa analiegemea ameketi mpaka kuche. Daktari mmoja mjini Nakuru alimsikiliza mgongoni, akamwambia ajitenge na ule unga au auzibie njia. Hapakuwa na la tatu.

Kisha ikaja siku ya mwezi wa nne alipobanwa na kikohozi akiwa mbele ya msumeno. Alikohoa mpaka akainama, na mkono ukaenda mbele wenyewe. Chepkemei, mama kijana anayechambua vibao karibu na mashine hiyo, alimshika sketi kwa nyuma akamvuta, na wote wawili wakaanguka kwenye unga. Mkono ulipona. Bwana Dhirajlal aliyeona yote kutoka mlangoni alizima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo amri ikatoka. Maski zilikuwapo kiwandani tangu zamani, sanduku zima kutoka ng'ambo. Kila mwanamume alikuwa amejaribu moja, akalaani na kuitundika msumarini. Zilikaa hapo zikishika utando wa buibui. Wafanyakazi waliziita mdomo wa nguruwe.

Mwandishi huyu aliomba kujaribu moja, ili asiandike habari ya kusikia tu. Ilibana pua, ikasukuma miwani, ikanuka tairi. Pumzi ya kwanza iligoma kuingia. Ya pili iliingia kwa madeni. Kabla ya ya tano niliivua, nikatoka nje kutazama anga. Wanawake wanaochambua vibao walicheka mpaka wakaweka kazi chini, na sikuwalaumu.

Wariara naye hakuwa na bahati zaidi. "Siku ya kwanza nilihisi kama mtu amenifunika blanketi halafu akanikalia," anasema. "Moyo unapiga, jasho linashuka ndani, mdomo umekauka. Nikaing'oa nikaitupa. Peterson akasema, si nilikwambia?"

Aliiokota, akapangusa unga, akaivaa tena. Akaing'oa tena. Siku hiyo yote ilikuwa ya kuvaa na kung'oa, na jioni juu ya pua palikuwa na mfereji mwekundu, na kidevu kimechubuka. Kichwa kilimgonga usiku kucha kwa sababu ya mikanda.

Chepkemei ndiye aliyemwambia neno la maana. Kwao Kuresoi, alisema, ng'ombe asiyezoea kamba hapelekwi mnadani siku ya kwanza. Anafungwa kwanza nyumbani akila, polepole, mpaka asahau kama amefungwa. "Nilimwambia, Mama Wachuka, hiyo kitu usijizoeze nayo mbele ya msumeno," anasimulia Chepkemei. "Enda nayo nyumbani. Ivae ukimenya viazi."

Wachuka ni kifungua mimba wa Wariara, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mama yake ameketi jikoni na mdomo wa nguruwe. Alipiga yowe. Mbwa alibweka na kukataa kula chakula kutoka mkononi mwa Wariara siku mbili. Jirani alikuja kuomba moto, akachungulia, akarudi kwake bila moto.

Wariara hakujali. Kwanza aliishika tu usoni kwa mkono bila mikanda, avute pumzi chache, aishushe, amenye kiazi. Halafu akaifunga kwa muda wa kumenya sufuria moja. Halafu akaifunga na kutoka nje kupasua kuni, maana kukaa si sawa na kufanya kazi. Aligundua kuwa akivuta pumzi kwa haraka maski inamnyima, na akivuta taratibu kwa pua inampa. Hofu ikaanza kupungua. Kufikia wiki ya pili aliweza kupika, kuosha vyombo na kumgombeza mtu akiwa ndani ya maski.

"Kugombeza ndiyo ilikuwa ngumu," anasema Hiram mumewe. "Tulikuwa hatusikii vizuri. Tulifurahi kidogo."

Lakini kiwandani mambo yalikataa. Pumzi sasa ilikuwa sawa, ila maski yenyewe haikutulia. Iliteleza. Kila alipoinamisha kichwa kuchukua kipande, ilishuka kwenye midomo, na unga ukaingia kwa pembeni. Akiivua saa ya uji, ndani mlikuwa mwekundu kama nje. Akakaza mikanda. Ikateleza. Akakaza zaidi. Vidonda vikafunguka juu ya pua na mashavuni.

Na mtu wa Elburgon akiwa na kidonda usoni, na baridi kama hii, hufanya nini? Anapaka mafuta. Wariara alipaka asubuhi kama kila mtu, na kwa ajili ya vidonda akaongeza juu yake tabaka jingine zito. Kadiri ngozi ilivyouma ndivyo alivyopaka, na kadiri alivyopaka ndivyo maski ilivyoteleza, na ilivyoteleza akaikaza. Hakuna aliyeliona. Wanaume waliozitundika zile nyingine msumarini nao walikuwa wamezivaa juu ya nyuso zinazong'aa.

"Wiki ya mwisho ilikuwa inakuja," anasema. "Nilianza kuota fagio."

Siku ya Jumatatu, wiki moja kabla ya hiyo ya mwisho, mkanda mmoja ukakatika. Peterson akamwambia basi, hiyo ni ishara. Wariara akaifunga maski ndani ya leso na saa ya chakula akaenda mbio mpaka kwa Amarjit.

Amarjit ni fundi wa tairi karibu na stesheni. Ana ndevu zilizofungwa vizuri na kibanda kilichojaa tyubu, na hakuna lori linalobeba magogo kutoka Mau ambalo halijawahi kupigwa kiraka na yeye. Wariara alitaka mkanda tu. Fundi aliigeuza maski, akapitisha kidole ukingoni, akanusa, akakunja uso.

"Mama, nani tia mafuta hapa?"

"Hakuna mtu. Ni ya uso."

"Uso gani paka mafuta hivi?"

"Uso wa kila mtu!" Wariara alijibu kwa ukali, maana alikuwa na haraka. "Wewe mwenyewe unaona baridi."

Amarjit akamwonyesha. Ukingo wa mpira ulikuwa umevimba na kulegea, ukibonyeza unabaki umebonyea. Alichukua kipande cha tyubu kilichokuwa kimelala kwenye oili, akakivuta, kikakatika kama ugali. "Mpira na mafuta hapana sikizana," akasema. "Mimi fukuza dereva hapa kila siku kwa hii maneno. Tairi, tyubu, hii yako, yote moja. Na ikiteleza wewe nakaza. Ukikaza naumia. Ukiumia napaka."

Wariara aliubonyeza ule ukingo mwenyewe, akaona kidole kimeacha shimo. "Nilijisikia mjinga, na nilijisikia kucheka," anasema. "Nimeua maski na mafuta ya shilingi mbili."

Fundi aliosha mpira kwa sabuni, akakata ule ukingo uliokufa, akagundisha mwingine laini kutoka tyubu ya baiskeli, na kumtengenezea mikanda mipya mipana. Akamwambia maski ikikaa juu ya ngozi kavu haihitaji kukazwa. Wariara akamwomba aijaribu yeye kwanza ili aone. Amarjit akacheka, akajishika kidevu. "Mimi na hii ndevu? Upepo yote napita. Hii ni kazi ya wewe."

Kutoka siku hiyo Wariara akaacha mafuta. Mikono alipaka, miguu alipaka, ikang'aa. Uso, hapana. Mwanzoni alijaribu ujanja wa kupaka usiku na kunawa asubuhi, lakini maji ya mfereji wa Elburgon hayana nguvu ya kung'oa mafuta, na saa nne maski ilikuwa imeshateleza. Akaacha kabisa, usiku na mchana, Jumapili na siku ya kazi.

Anayetoka mahali penye joto ataona hili ni jambo dogo. Hapa si dogo. Mwanamke aliyeolewa akitembea amepauka usoni, watu hawamwangalii yeye, wanamwangalia mumewe. Wanauliza anakunywa wapi pesa zake. Wanauliza kama ana mwanamke mwingine Molo. Sokoni muuza kabichi alimwita Wariara pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini kama anapigwa.

Ijumaa ya wiki ile wanawake wa kanisa walifika nyumbani. Walileta majani ya chai, sukari, na mikebe miwili ya mafuta, wakaomba kwa ajili ya nyumba iliyopatwa na upungufu. Wariara aliwasikiliza mpaka amina. Kisha akawaeleza habari ya mpira na mafuta toka mwanzo mpaka mwisho, nao wakatazamana kama watu wanaosimuliwa ndoto.

"Nikawarudishia mafuta," anasema. "Sukari nilichukua. Mimi si mjinga mara mbili."

Hiram aliporudi alikuta maneno yamemtangulia njiani. Katika hoteli ya chai karibu na stesheni wapakiaji wenzake walikuwa wamemchangia senti, mzaha mzaha, za kumnunulia mkewe mafuta. Alikwenda moja kwa moja dukani, akanunua mkebe, akauweka mezani.

"Paka," akamwambia mkewe.

"Sipaki."

"Watu wanasema sikununulii hata mafuta. Mafuta, Mama Wachuka! Unanivua nguo mbele ya watu."

"Waambie uso ni wangu."

"Uso ni wako, lakini aibu ni yangu."

Wariara alikaa chini. Anasema hakutaka kumdharau, maana Hiram si mtu mbaya, na ni yeye aliyejaza lile gunia. "Nikamwambia, Baba Wachuka, chagua. Nipake mafuta, nirudi kwa fagio, na hao watoto wawili warudi nyumbani. Ama nipauke, na wewe uchekwe. Mimi nimeshachagua. Nakuuliza tu kama uko na mimi."

Hiram alizima taa. Alilala ameelekea ukutani. Mwandishi alipomuuliza juu ya jambo hili alisugua viganja vyake vilivyopasuka kwa mbao.

"Niliona aibu, sitaficha," alisema. "Sisi watu wa kubeba mbao tuko na jina tu, pesa hatuna. Jina likichafuka unabaki na nini? Lakini nilikuwa nimelala macho, nikasikiza. Ile filimbi ya kifua ilikuwa imeshuka. Siku chache tu za hiyo maski kavu, na imeshuka. Nikasema kama ni hivyo, wacheke."

Kesho yake aliurudisha mkebe dukani. Mwenye duka alikataa kuupokea kwa sababu kifuniko kilikuwa kimefunguliwa, basi Hiram akampaka nao mbwa aliyekuwa na upele. Jambo hilo nalo lilizungumzwa sana mjini.

Siku ya mwisho wa mwezi, Peterson hakumwonea huruma. Alimletea mtarakwa mkavu kabisa, uliokaa juani miezi, ambao ukigusa msumeno unga wake hupanda kama moshi. Akasimama pale amekunja mikono. Kwenye meza za kuchambua, wanawake walifanya kazi kimyakimya, jambo ambalo Peterson mwenyewe anasema hakuwahi kuliona.

Wariara alipasua mpaka saa ya uji. Akatoka nje, akavua, akanywa, akanawa, akajifuta, akavaa. Akapasua mpaka saa ya chakula. Mchana jua lilipiga mabati na ndani ya maski maji yakawa yanachuruzika mpaka shingoni. Pua iliwasha na hakuna pa kujikuna. Wakati mmoja ile hofu ya siku ya kwanza ilimrudia, anasema, na mkono ukaanza kupanda kuelekea kwenye mkanda.

"Nikauambia mkono, wewe shika mbao," anasema. "Nikavuta pumzi pole pole, kama jikoni. Nikamwangalia Peterson machoni. Yeye ndiye alianza kukohoa."

Kweli alikohoa. Alikohoa mpaka akatoka nje, na wanawake wa mezani wakapata sauti zao.

Mashine ziliposimama, Bwana Dhirajlal alikuja. Alitoa leso yake nyeupe mfukoni, akaomba maski, akapangusa ndani yake polepole kuzunguka pua na kidevu. Leso ilitoka imelowa jasho, na nyeupe. Akaitazama, akamtazama Wariara, ambaye uso wake ulikuwa umegawanyika, juu mwekundu wa unga na chini umepauka.

"Mama, kaa na mashine," akasema, akaenda zake.

Hayo yalikuwa mwezi wa tano. Sasa ni mwezi wa nane. Vidonda vimefunga, imebaki alama nyepesi juu ya pua ambayo Wariara anaionyesha kwa majivuno. Yapo mambo ambayo hayajaisha: siku za ukungu bado anakohoa, na daktari amemwonya kuwa kifua kilichochoka miaka mitatu hakiponi kwa miezi mitatu. Makopo ya chujio huziba na inabidi yapigwe-pigwe kila jioni. Lakini usiku anaweza kulala, tena amejinyoosha. Maranda ya lile gunia Hiram aliyamwaga kwenye banda la kuku.

Sokoni bado wapo wanaomwita mama jivu. Anawaitikia.

Ugomvi wa sasa ni mwingine. Mzee aliyekuwa kwenye msumeno wa pili amestaafu na kurudi Molo kulima viazi, na Peterson anataka kuleta mwanamume kutoka huko huko kuchukua nafasi. Wariara ana mtu wake tayari. Anataka Chepkemei.

"Anajua mbao. Miaka mitano anachambua makosa ya wanaume," anasema. "Akipewa mashine hawezi kuyafanya."

Peterson amekataa, na sababu yake aliieleza bila kupepesa macho. "Huyu Mama Wachuka ni kichwa ngumu mmoja tu, Mungu hakutengeneza wawili," alisema. "Hao wengine hawawezi kuacha mafuta. Chepkemei ni kijana, ana mama mkwe, ana mume wa kutembea naye mjini. Aende kila mahali amepauka? Hawezi. Na bila hivyo simweki mbele ya msumeno, damu yake nitaijibu mimi."

Kuhusu hatari hiyo, Peterson ana haki, na hata Wariara anakubali. Kuhusu Chepkemei, mwandishi huyu hakujua amwamini nani. Chepkemei mwenyewe ni mpole, anazungumza akitazama chini, na kila nilipomuuliza kama anautaka ule msumeno alitabasamu na kuendelea kupanga vibao.

Ijumaa jioni niliwasindikiza wote wawili wakitoka kazini. Wariara alitangulia, akinieleza mpango wake: wawili kwenye misumeno mwaka huu, mwakani amdai Bwana Dhirajlal maski mpya kwa kila meza, na anayetaka kusikia kelele akae karibu. Tulipita katikati ya soko wakati wauzaji wanafunga mizigo. Hapo ndipo niliposikia muuza kabichi akiita kwa mshangao, na hakuwa akimwita Wariara.

"Chepkemei! Wewe pia? Mume wako amefutwa kazi?"

Niligeuka. Kiwandani, kwenye mwanga hafifu, sikuwa nimemwangalia vizuri. Uso wa Chepkemei ulikuwa mkavu kutoka paji mpaka kidevu, umepauka, midomo imeanza kupasuka kwa baridi. Huo haukuwa mpauko wa siku moja. Wanawake wa mboga waliacha kufunga mizigo, na mmoja akaguna.

Wariara alishafungua mdomo kujibu. Chepkemei akamshika mkono, akamtuliza, akamtazama yule muuza kabichi usoni.

"Hajafutwa," akasema. "Ni mimi nimeandikwa kwa msumeno."

Alikuwa bado hajaandikwa. Peterson ataambiwa Jumatatu asubuhi.